MTU ANAYEKUJA KUTUULIZA HAJA ZA KAZI YETU, AWE NA UJUZI GANI?



Mambo ya mishahara na nyumba za kambi tumeyaandika sana katika kurasa hizi, na hapana shaka tutazidi kuyaandika. Leo naomba nafasi niseme juu ya mtu mmoja ambaye wengi wetu hatujui hata jina la kazi yake, na hali kazi yake yaingia katika mfuko wa kila mmoja wetu. Mtu huyo huitwa mhandisi wa mahitaji ya programu.

Yeye siye aundaye mashine, wala siye aandikaye programu ya kompyuta yenyewe. Kazi yake hutangulia. Ndiye atumwaye kuja kuuliza: kazi hapa hufanywaje, nani hufanya nini, ni kitu gani kitakiwacho, na ni kitu gani kisitokee hata kidogo. Majibu huyaandika, na waandishi wa programu hufuata maandiko yake kama mwashi afuatavyo ramani ya nyumba. Jambo asiloliandika halijengwi. Jambo aliloliandika vibaya hujengwa vibaya, na mwashi atasema, tena kwa haki kabisa, kwamba yeye alifuata ramani.

Mimi nimekuwa karani wa mzani miaka mingi katika mashamba ya chai, ingawa kwetu ni Chebunyo, ambako mvua ni haba kuliko nchi ya chai na watu hutegemea ng'ombe na mahindi. Vijana wetu hupanda gari kwenda upande wa Kericho na Bomet ya juu kutafuta kazi ya mshahara, kama sisi tulivyofanya. Basi naandika juu ya niliyoyaona kwa macho.

Mahali fulani nilipokuwa nikifanya kazi, wakubwa waliamua kuondoa mzani wa mshale na kuleta mzani wa umeme wenye kompyuta ndogo ya mkononi. Kila mchumaji alipewa kadi. Kabla ya mzani kuja, alikuja kijana mmoja mwenye adabu sana, amevaa viatu vyeupe, akakaa ofisini na meneja kwa saa mbili. Kisha akaniita mimi, akaniuliza maswali saba au manane kwa Kiingereza, akayaandika majibu yangu, akanishukuru, akaondoka. Hakufika penye mzani. Siku ile ilikuwa ya mvua, na njia ya kituoni yajulikana ilivyo siku ya mvua.

Simlaumu kijana. Nilisikia baadaye kwamba ilikuwa kazi yake ya kwanza tangu atoke chuoni, na kwamba alitumwa peke yake. Nawalaumu waliomtuma, na nitaeleza kwa nini.

Mzani ulipofika, tuliona mambo manne. La kwanza lilikuwa la gunia. Zamani nilikuwa nikipima gunia tupu mbele ya mchumaji, nikatoa uzito wake. Gunia lililoloa maji lina uzito wake na gunia kavu lina uzito wake, na kila mtu aliona. Mzani mpya ulikuwa na hesabu moja tu ya gunia, iliyotiwa ndani na watu wa mbali, haibadiliki masika wala kiangazi.

La pili ni la nusu kilo, na hili naomba mlifikirie vizuri. Mzani wa mshale nilikuwa nikiusoma mpaka nusu kilo. Mzani wa umeme waweza kusoma hata gramu, lakini programu yake ilikuwa ikiandika kilo nzima tu na kutupa kilichobaki. Kilo 17 na gramu 800 zikawa kilo 17. Fanyeni hesabu wenyewe. Mtu apimiwaye mara mbili kwa siku hupoteza mara kidogo, mara nyingi, wastani wake karibu nusu kilo kila mara. Hiyo ni karibu kilo nzima kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni karibu kilo 26 katika mwezi. Mwanamke mwenye mgongo unaouma amezichuma kilo hizo, amezibeba, na hazikuandikwa popote.

Watu walisema ni wizi. Mimi nilifuata jambo lile mpaka ofisini, na nasema mbele yenu kwamba hapakuwa na mtu aliyekaa akaazimia kuiba. Katika maandiko ya mahitaji hapakuwa na mstari hata mmoja uliosema vipande vya kilo vifanyweje. Kijana hakuuliza, meneja hakusema, nami sikukumbuka kusema, kwa sababu kwangu nusu kilo lilikuwa jambo la kila siku, kama kupumua. Mwandishi wa programu, aliyekuwa Nairobi na huenda hajawahi kubeba kikapu cha chai, alichagua njia iliyokuwa nyepesi kwake. Hivyo ndivyo kilo 26 zinavyoweza kupotea pasipo mwizi.

La tatu lilihusu simu. Uzito wa siku ulipelekwa kwa ujumbe wa simu, jambo zuri. Lakini walipoandikisha namba, walichukua namba iliyokuwa katika karatasi za zamani, na kwa wanawake wengi namba ile ilikuwa ya mume. Basi mume akajua kilo za mkewe kabla ya mke mwenyewe, na siku ya mshahara ugomvi ukaingia nyumbani. Hili sitalisema zaidi. Wenye masikio wamesikia.

La nne ndilo lililoniumiza mimi. Kosa likitokea, tuseme kadi ya mtu mmoja imesomwa mara mbili, mimi niliye penye mzani sikuwa na njia ya kulisahihisha. Mtu mmoja tu wa ofisini ndiye aliyekuwa na ruhusa, na jioni gari la majani likifika kiwandani na uzito ukapungua kuliko ule wa mashine, aliulizwa karani. Mwenzangu mmoja alikatwa mshahara miezi miwili kwa upungufu ambao hakuuona wala hakuweza kuueleza, maana mashine haikuonyesha chochote zaidi ya jumla.

Msidhani mambo haya hutokea kwetu tu kwa kuwa sisi ni watu wa mashamba. Huko Uingereza, Posta ilileta mashine za hesabu zilizoitwa Horizon kuanzia mwaka 1999. Mashine ikionyesha upungufu wa fedha, aliyeulizwa ni msimamizi wa tawi dogo la posta, na hakuwa na njia ya kuchungua ndani yake aone kosa limetoka wapi. Kati ya mwaka 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walihukumiwa kwa wizi na udanganyifu kwa ushahidi uliotegemea hesabu zile, na wengine wakafungwa jela. Wasimamizi 555 walikwenda mahakamani pamoja, na mwezi wa Desemba 2019 hakimu akaamua kwamba programu ile ilikuwa na kasoro zilizoweza kuzaa upungufu wa uongo. Mwaka 2024 Bunge lao likapitisha sheria ya kufuta hukumu. Watu wazima, wenye heshima mtaani kwao, waliitwa wezi miaka ishirini. Laiti mtu wa mahitaji angaliandika mwanzoni, kwa maneno matatu tu, kwamba anayedaiwa lazima aone!

Na huko huko Uingereza, katika mji wa London, tarehe 26 Oktoba 1992, watu wa magari ya wagonjwa waliletewa programu ya kupeleka magari. Haikupita muda mrefu ikapoteza hesabu ya magari yalipo, na simu za wagonjwa zikarundikana mpaka watu wakarudia kalamu na karatasi. Tume iliyochunguza ilitoa taarifa mwaka 1993, na miongoni mwa mambo iliyoyataja ni kwamba bei nafuu ilitiliwa mkazo kupita kiasi, na kwamba madereva na wafanya kazi hawakushirikishwa kiasi cha kuiona kuwa ni yao.

Sasa turudi kwenye swali. Mtu huyu awe na ujuzi gani?

Wenye kazi hiyo wenyewe wamekwisha kupanga ngazi. Ipo bodi ya kimataifa ya wahandisi wa mahitaji, iliyoanzishwa mwaka 2006, ambayo hutoa vyeti vya ngazi tatu: ya msingi, ya juu, na ya ubingwa. Uko tena mpango uliotoka Uingereza wa kupima ujuzi wa watu wa kompyuta, wenye madaraja saba. Daraja la chini kabisa ni la mtu afuataye maagizo chini ya jicho la mkubwa wake. La katikati ni la mtu awezaye kuongoza kazi na kujibu kwa makosa yake. La juu ni la mtu apangaye njia ya shirika zima. Kuna pia kanuni za kimataifa, zilizotolewa mwaka 2011 na kutengenezwa upya mwaka 2018, zisemazo kwamba kila haja iandikwe kwa namna isiyo na maana mbili, na iwezekane kupimwa kama imetimizwa.

Kwa hiyo wakubwa hawawezi kusema kwamba kazi hii haina vipimo. Vipimo viko. Dereva wa trekta huulizwa leseni, na fundi wa boila kiwandani huulizwa cheti. Lakini mtu atakayeandika namna kilo za mamia ya wachumaji zitakavyohesabiwa haulizwi chochote. Hutumwa tu, na mara nyingi aliye mdogo kuliko wote ndiye anayetumwa, kwa kuwa wengi hudhani kuuliza maswali ni kazi nyepesi na kuandika programu ndiyo kazi ngumu. Bwana Fred Brooks wa Marekani, aliyeongoza kazi kubwa za programu katika kampuni ya IBM, aliandika mwaka 1987 kinyume cha hayo: kwamba sehemu ngumu kupita zote ni kuamua hasa kitu gani kijengwe.

Kwa maoni yangu cheti si cha kudharauliwa, lakini hakitoshi. Mtu wa ngazi ya msingi aje, ajifunze, lakini asije peke yake palipo na mshahara wa watu. Hapo pataka mtu aliyekwisha kufanya kazi hiyo mara nyingi, aliyekwisha kuona kosa lake mwenyewe likiumiza watu na akarudi kulitengeneza.

Tena ajue kusikiliza katika lugha ya watu. Penye mzani wetu utasikia Kikipsigis, Kikisii, Kijaluo, Kiluhya, na Kiswahili cha kila namna. Mama mchumaji ukimuuliza kwa Kiingereza atakujibu ndiyo, kwa heshima tu. Ukimuuliza kwa Kikipsigis atakwambia mambo matatu ambayo karani hayajui na meneja hataki kuyajua. Kama mhandisi hana lugha, na aje na mkalimani. Mkalimani huyo asiwe nyapara! Hakuna mchumaji atakayesema ukweli wote nyapara akiwa ndiye anayetafsiri.

Kisha ajue kutazama. Nimesema kwamba mimi mwenyewe sikukumbuka habari ya nusu kilo. Mtu hawezi kusimulia kazi yake yote, kwa maana iliyo kubwa imekwisha kuingia mikononi na haipiti tena kichwani. Mhandisi hodari hulijua hilo, na kwa hiyo hukaa kituoni siku tatu nne, akatazama mikono. Angaliketi nami asubuhi moja tu angaliniona nikiupiga mzani kidole na kusema "na nusu", naye angaliuliza: hiyo nusu ni nini?

Wakenya tunao mfano mzuri wa jambo hili. Mwaka 2005 watu wa Safaricom na Vodafone walipojaribu M-Pesa kwa mara ya kwanza, upande wa Nairobi na Thika, haja iliyoandikwa ilikuwa kwamba watu waliokopa kwa shirika la Faulu waweze kulipa mikopo yao kwa simu. Waliojaribu walikuwa kama mia tano tu. Lakini waliotumwa kutazama waliona kwamba watu wale wanafanya lingine: wanatumiana fedha wao kwa wao, na wengine wanaweka fedha mahali hapa kabla ya safari na kuzitoa waendako. Wangalishika karatasi yao wakasema mnakosea, M-Pesa ingalikufa Thika. Waliibadili haja, na Machi 2007 ikaja kwa nchi nzima kama njia ya kupeleka fedha nyumbani. Leo mtoto aliye Nairobi hupeleka fedha Chebunyo kabla chai haijapoa.

Na mfano wa kinyume tunao pia. Katika uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 mashine za kutambua wapiga kura zilikwama mahali pengi. Betri zilikwisha, na vituo vingi vilikuwa madarasa ya shule yasiyo na umeme. Mtu yeyote aliyesoma shule ya msingi ya mashambani angaliweza kusema hapo mwanzo kwamba darasani hakuna pa kuchomeka waya. Je, aliulizwa?

Ajue vilevile kuandika haja inayopimika. Katika karatasi ya yule kijana, niliyoiona baadaye, paliandikwa kwamba mzani "uwe wa upesi na rahisi kutumia." Maneno hayo ni kama kusema mke wa mtu awe mwema. Nani atapima? Mtu mwenye ujuzi angaliandika hivi: uzito uonekane kwa mchumaji na kwa karani wakati ule ule, usomeke mpaka nusu kilo, uandikwe hata kama mtandao wa simu haupo, na usibadilishwe baadaye pasipo wote wawili kupata habari na jina la aliyeubadilisha. Hapo programu ikiletwa tutaijaribu mstari kwa mstari, na isiyotimiza irudi ilikotoka.

Ajue sheria na mapatano. Mapatano kati ya chama na waajiri ndiyo yasemayo kazi ipimwe vipi na ilipwe vipi. Mhandisi asiyeyasoma hayo aweza kuvunja kifungu kwa mstari mmoja wa programu, na sote tukachelewa kujua. Tena tangu mwaka 2019 tunayo Sheria ya Kulinda Data katika Kenya. Alama za vidole, namba za simu, kilo za mtu, hizo zote zina mwenyewe. Na kwa kuwa nimetaja alama za vidole: mikono iliyochuma chai miaka ishirini imesuguliwa, na mashine mara nyingine haiitambui. Mtu mwenye ujuzi huuliza hilo mapema, akaandika njia ya pili.

La mwisho, awe na moyo wa kumwambia amlipaye kwamba amekosea. Sijui chuo gani hufundisha hilo.

Najua wapo ndugu wasemao: kwa nini tuhangaike na ujuzi wa mtu huyo? Tukatae mashine zote. Nawaelewa. Mwaka 2010 tuligoma kwa ajili ya mashine za kuchumia chai, na Mei 2023 mashine zilichomwa moto Kericho. Mashine ya kuchuma huchukua kazi ya watu wengi kwa mara moja, na vita yake ni ya namna nyingine. Siichanganyi na hii. Lakini mzani wa kompyuta sisi wenyewe tuliutaka, kwa sababu makarani wengine (nasema kwa haya, maana ni ndugu zangu wa kazi) walikuwa wakiuegemea mzani wa mshale kwa goti. Mzani wa umeme wenye programu njema wamlinda mchumaji. Tukiukataa tunamrudishia karani mbaya goti lake.

Afadhali tutazame walivyofanya wenzetu wa Norway. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, chama cha wafanya kazi wa chuma huko kilimchukua mtaalamu mkubwa wa kompyuta, Bwana Kristen Nygaard, yule ambaye pamoja na Ole-Johan Dahl alitunga lugha ya Simula, na baadaye wote wawili wakapewa tuzo ya Turing ya mwaka 2001. Chama hakikumwomba awatungie programu. Walitaka awafundishe wanachama namna ya kuelewa mashine zilizokuwa zikiletwa viwandani, ili waweze kusema haja zao wenyewe. Vikundi vya wafanya kazi vilikaa viwandani wakasoma, wakaandika wanachotaka na wasichotaka. Mwaka 1975 shirikisho la vyama na shirikisho la waajiri wakatia sahihi mapatano juu ya mambo ya kompyuta, na wafanya kazi wakawa na haki ya kuchagua mjumbe wao wa mambo hayo katika kila mahali pa kazi. Walikuwa wafua chuma wale, wala si maprofesa.

Basi rai yangu kwa chama chetu ni hii. Mapatano yajayo yatakapozungumzwa, kitiwe kifungu kwamba kabla ya mashine yoyote ya kupima, kuhesabu au kulipa kuletwa, mwajiri atuonyeshe jina la mhandisi wa mahitaji, cheti chake, na kazi alizokwisha kufanya. Karatasi ya mahitaji isomwe mbele ya wachumaji kwa lugha wanayoielewa, na isijengwe kitu mpaka mjumbe wa chama ametia sahihi. Na sehemu ya ada zetu itengwe tupeleke wawili kusomea ngazi ya msingi ya kazi hiyo: karani mmoja na mchumaji mmoja, na mchumaji awe mwanamke. Najua mweka hazina atauliza fedha zitoke wapi. Mwenzangu yule alikatwa mshahara miezi miwili; na aulizwe yeye kama ada hiyo ni ghali.

Huko nilikokuwa, nusu kilo ilirudishwa baada ya miezi saba, tulipokwenda ofisini na daftari langu la zamani na lile la mashine, yakawekwa meza moja. Kilo za miezi ile saba hazijalipwa mpaka leo. Nimesikia kijana wa viatu vyeupe atatumwa tena, safari hii kwa habari ya programu ya likizo na ugonjwa. Akija, nimemwekea kiti karibu na mzani, tangu wapimwe wa kwanza asubuhi hata gari la majani liondoke jioni, na gambuti nitamwazima.

Mimi mwanachama wenu,
KARANI WA MZANI, Chebunyo